Nyuso Thelathini na Saba

Karani wa ofisi ya mji aliishika karatasi yetu kwa ncha za vidole viwili, akaigeuza, akaiweka mezani, akamwambia shangazi yangu kwamba dole gumba la mtu mmoja linaweza kubonyezwa mara thelathini na saba.

"Wino mmoja, karatasi moja," alisema. "Nitajuaje kama si wewe peke yako uliyekaa nyumbani ukabonyeza asubuhi nzima?"

 Shangazi alikunja karatasi, akaifutika ndani ya kanga, tukatoka. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilitaka aseme neno, lolote lile, kwa sababu karani yule hakuwa mgeni. Alikuwa mtu wa mji wetu, tuliyemjua tangu anakwenda chuoni na kanzu yenye kiraka, na kila asubuhi kabla ya kuingia kazini alikula vitumbua vya hao hao wanawake aliokuwa akisema hawapo.

Tulipofika njiani ndipo shangazi alipofungua kinywa. "Madole hayaamini. Basi tutamletea nyuso."

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki. Alikuwa akiuza vitumbua kando ya barabara pale Chumbageni, mahali mabasi ya Muheza yaliposhushia abiria. Hakuwa peke yake. Walikuwapo waliouza mihogo ya kukaanga, waliouza samaki, waliouza uji wa mtama kwa vibakuli, na Wabondei waliokuja na machungwa yao kwenye matenga na basi la kwanza. Wakihesabiwa wote walikuwa thelathini na saba. Kisha ikaja amri kwamba waondoke, ati barabara inachafuka na wageni wakipita wanaona moshi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akawaandikia barua ya kuomba wabaki, nao, kwa kuwa wengi hawakujua kuandika, wakaweka madole gumba. Hiyo ndiyo karatasi iliyochekwa.

Shangazi alizungumza habari ya nyuso kwa sababu alijua kazi yangu. Nilikuwa nafanya kazi katika duka la picha, mtaa wa nyuma ya sokoni. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, Mwislamu, mtu mpole na mkaidi kwa kiasi kile kile. Alinichukua kwa ajili ya mikono yangu. Nilikuwa nashona kofia za vito, zile za vitundu vilivyozungushiwa uzi, na mtu aliyezoea kutoboa vitundu vya kofia hatetemeki mkono. Alinipa brashi nyembamba kama kope za jicho, akanionyesha namna ya kupaka rangi picha zisizo na rangi: wekundu wa midomo, kijani cha kanga, dhahabu ya hereni. Baadaye akanifundisha kusafisha filamu kwenye chumba cha giza na kuziba alama kwa penseli. Kamera yenyewe hakunifundisha. Kamera ilikuwa yake. Ilikuwa ya mbao, kubwa kama kasha la chai, na mfuko wa ngozi unaokunjika kama kinanda cha kuvuta, imesimama juu ya miguu mitatu katikati ya chumba, na hapakuwa na mtu aliyeigusa isipokuwa yeye.

Lakini macho sikufungwa. Kila filamu ilikaa ndani ya bahasha, na juu ya kila bahasha mzee aliandika kwa penseli ukubwa wa tundu la lenzi na muda alioliacha wazi. Kwa miaka miwili nilizitoa filamu zile ndani ya bahasha na kuzirudisha, na siku moja nikaona jambo. Zilizopigwa kwa tundu kubwa zilikuwa na mtu mmoja aliyeonekana vizuri na dunia iliyoyeyuka nyuma yake. Zilizopigwa kwa tundu dogo, hata ukuta wa mwisho ulionekana ufa wake. Sikumwambia mtu. Niliweka akilini tu.

Mzee alikubali kuja kuwapiga picha wale wanawake, kwa heshima yangu. Ilikuwa Alhamisi alasiri, kwenye uwanja nyuma ya chuo. Akawapanga kama alivyozoea kupanga watu wa harusi, safu tano moja nyuma ya nyingine, wazee wamekaa mbele, wengine wamesimama nyuma mpaka ukutani. Shangazi alikaa katikati ya safu ya mbele. Mzee akajifunika kitambaa chake cheusi, akatoka, akasema "Tulieni," akapiga. Dakika chache, kazi ikaisha.

Nilipoisafisha ile picha nilijua kabla haijakauka. Safu ya mbele, watu kumi na mmoja, walikuwa wazi kabisa. Safu ya pili walikuwa kama watu waliotoka usingizini. Ya tatu walikuwa na macho lakini huwezi kusema wanatazama nini. Ya nne na ya tano walikuwa moshi. Nilimtafuta bibi mmoja, Mdigo aliyekuwa akija kwa miguu kutoka Pongwe na mihogo yake kichwani, nikampata pembeni kwa umbo la bega lake. Uso hakuwa nao.

"Mzee," nilimwambia, "hawa wa nyuma hawaonekani."

Akaishika picha karibu na pua. "Mbele wanaonekana."

"Na wa nyuma?"

"Binti, katika kila picha wa mbele ndio wenye picha. Wa nyuma ni pazia. Ndivyo inavyopigwa."

Kesho yake tukaipeleka hivyo hivyo, kwa kuwa siku za amri zilikuwa zinakwisha. Karani akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na kwa kitambo nikadhani ameguswa. Halafu akaweka kidole juu ya karatasi.

"Hawa kumi na mmoja nawaona," alisema. "Tena nawajua. Hao wengine mimi sijui kama ni watu au ni miti. Kumi na mmoja wanaweza kuingia ndani ya soko. Nafasi zipo kumi na mbili. Wengine hawapo."

 Shangazi alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. Kwa neno moja la karani alikuwa amepata kibanda sokoni, chini ya paa, na angeweza kusema ahsante akaondoka. Karani alijua hivyo. Alikuwa anamtazama yeye tu alipokuwa akisema.

"Tarehe ya mwisho ni lini?" shangazi aliuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu asubuhi tutakuwa hapa."

Nje ya ofisi nilimwambia shangazi kwamba kosa si la wale wanawake, ni la picha, na picha inaweza kupigwa ikamwonyesha kila mtu. Alisimama barabarani akanitazama usoni.

"Unajua, au unanifariji?"

"Najua."

"Umewahi kuipiga?"

"Hapana. Lakini najua."

Akasema, "Basi mwambie mwenye kamera."

Mwenye kamera alikataa. Alikataa kwa upole, kisha kwa hasira, kisha kwa upole tena. Alisema ameshapiga picha miaka thelathini na hakuna aliyemrudishia. Alisema ofisi ile ile ndiyo inayompa leseni ya duka, na hataki kuonekana anashindana na karani. Nikamwambia hahitaji kuonekana. Nitapiga mimi.

Alicheka, si kwa ubaya. "Kamera hii haijashikwa na mwanamke."

"Basi itashikwa."

"Binti, nenda kapake rangi."

Mezani kwangu kulikuwa na picha za harusi kubwa ya wenye shamba la mkonge, kumi na nane, zimepakwa rangi nusu tu, na familia ile ilikuwa ije kuzichukua Jumamosi jioni. Mzee mwenyewe hakuweza tena kupaka; macho yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Nikaiosha brashi yangu, nikaikausha kwa kitambaa, nikaiweka ndani ya kopo lake, nikafunika vidonge vya rangi kimoja kimoja. Kisha nikakaa, mikono mapajani.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Nimekaa."

"Na picha za watu?"

"Wa mbele nimeshawapaka. Wa nyuma ni pazia, hawahitaji rangi."

Nilidhani atanifukuza.  Kwa sisi tuliolelewa na adabu, kumjibu mzee namna ile lilikuwa jambo kubwa, na sikulichukua kwa wepesi. Lakini sikuondoa macho. Mzee alitoka nje ya duka, akasimama barazani, akasalimiana na mtu aliyepita, akarudi ndani. Alivuta kiti akaketi mbele yangu.

"Utafanyaje?" alisema. "Niambie. Kama hujui, ningependa nijue mapema."

Nikamweleza. Kwanza, hawatasimama safu tano. Safu tatu tu, zilizobanana, kwa sababu lenzi ina kina chake cha kuona, na kila hatua mtu anayorudi nyuma anatoka ndani ya kina hicho. Pili, safu hazitanyooka. Wa pembeni watasogea mbele kidogo, upinde kama wa mwezi mchanga, ili wa mwisho kushoto na wa mwisho kulia wawe mbali na kamera sawasawa na wa katikati. Tatu, kamera ikae juu, iwaangalie kwa chini, wa nyuma wasifichwe na wa mbele. Nne, lenzi nitaipima kwa safu ya kati, siyo ya mbele. Na mwisho, tundu nitalifunga hadi wa nyuma wasomeke.

Alisikiliza hadi hapo, akatikisa kichwa. "Ukilifunga hivyo mwanga hauingii. Itabidi uache wazi sekunde mbili, labda tatu. Wanawake thelathini na saba, hakuna hata mmoja apepese? Na watoto mgongoni?"

"Hawatatikisika."

"Nani amekwambia?"

"Mzee, hawa ni watu wanaokaa mbele ya mafuta yanayochemka tangu alfajiri. Wakitaka kutulia watatulia."

 Mzee akanyanyuka akaenda kwenye kamera, akaondoa vumbi ambalo halikuwapo. "Jumapili asubuhi," alisema. "Na leo usiku sitaki kusikia kwamba picha za harusi hazikwisha."

Zilikwisha kabla ya Magharibi.

Jumapili nilifika uwanjani mapema, pepo za baharini hazijaanza kuvuma, kwa kuwa upepo ukianza kanga zinapepea, na kanga inayopepea kwa sekunde tatu inageuka wingu. Kivuli cha ukuta wa chuo kilikuwa kimefunika uwanja wote, mwanga laini usiokunja macho ya mtu. Tulitoa mabenchi ya chuo nje. Meza ya mwalimu tukaiweka mbali, na juu ya meza ndiyo nikasimamisha kamera. Mimi nilipanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Mzee alikuja na mwavuli wake, akaketi kwenye kiti kando, akasema hatasema neno.

Wanawake walikuja wamevaa kanga mpya, wengine doti walizoziweka kwa ajili ya Idi. Niliwapanga kumi na wawili chini kwenye mikeka, kumi na wawili kwenye mabenchi, kumi na watatu wamesimama nyuma, matumbo yao yakigusa migongo ya waliokaa. Kulikuwa na manung'uniko. Wakubwa walitaka kukaa mbele kama Alhamisi. Bibi wa Pongwe alikwenda mwenyewe nyuma, mwisho kabisa, akajificha nyuma ya bega la mtu.

"Bibi," nilimwita, "sogea kati."

"Mimi hapa panatosha, mjukuu wangu. Siku ile nilisimama hapa."

"Siku ile hukuonekana."

"Nimezoea."

"Mimi sikuzoea," nilisema. "Nisipouona uso wako sipigi."

Akasogea. Shangazi naye akainuka kutoka mkekani, akaenda kusimama kando yake, safu ya nyuma. Hakusema sababu, na wale waliokuwa wakinung'unika wakanyamaza.

Akabaki mmoja, muuza samaki, mke wa mtu aliyekuwa mkali sana. Alikuja amevaa buibui na ameshusha kitambaa usoni. Alisema mumewe amemruhusu kuja lakini hakumruhusu kufunua, na yeye mwenyewe pia hataki uso wake uzungushwe mikononi mwa makarani. Baadhi wakasema basi akae nje, ataharibu hesabu. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Hatoki," nilisema. "Yumo. Funika uso, dada, lakini simama wima, na hicho kitambaa chako nitakipiga nyuzi zake zionekane."

Nikaingia chini ya kitambaa cheusi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuutazama ulimwengu kupitia kioo kile cha ukungu kilicho nyuma ya kamera. Watu wanaonekana juu chini, miguu mbinguni, na kwa kitambo kichwa kilinizunguka. Nilitafuta cha kushikilia, nikakipata kwenye kanga. Kila kanga ina maandishi yake, na maandishi hayasemi uongo: ama unayasoma ama huyasomi. Nikasogeza lenzi mbele na nyuma mpaka nikayasoma ya mwanamke wa katikati, safu ya kati, herufi baada ya herufi, ingawa zilikuwa zimepinduka. Ya safu ya mbele yalikuwa na utando. Ya nyuma yalikuwa na utando. Kisha nikaanza kulifunga tundu.

Kioo kikaanza kuingia giza. Nikaendelea kufunga. Nilichukua kile kioo kidogo cha kukuzia nilichotumia kwa kazi ya penseli, nikakibandika juu ya kioo cha kamera, nikasubiri macho yazoee. Taratibu, ndani ya giza lile, maandishi ya mbele yakakaza. Yakafuata ya nyuma. Nikaenda kulia mpaka mwisho, nikamwona msichana wa uji. Nikaenda kushoto mpaka mwisho, nikamwona mwenye machungwa. Nikapanda kwa bibi wa Pongwe, nikaona makunyanzi yake. Nilikuwa nimesimama juu ya kinu, kichwa ndani ya kitambaa cha joto, jasho likinitiririka shingoni, na nilitaka kucheka.

Nikatoka. Nikafunika lenzi, nikachomeka kasha la filamu, nikawageukia.

"Wenye watoto wachanga, wapeni ziwa, wasilie wala wasigeuke," nilisema. "Nikiondoa kifuniko, pumzi mtaishika. Nitahesabu mpaka tatu. Nikirudisha, mtapumua. Msitabasamu, tabasamu halikai sekunde tatu. Nitazameni tu. Mtazameni karani."

Nadhani neno hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi. Niliona shingo zinanyooka, safu kwa safu. Nikaondoa kifuniko. Moja. Kulikuwa na jogoo akiwika mahali fulani, na zaidi ya hapo sikusikia hata unyayo. Mbili. Tatu. Nikarudisha. Uwanja mzima ukashusha pumzi kwa pamoja, na mtu mmoja akaanza kulia, sijui nani.

Nikapiga mbili zaidi kwa tahadhari. Mzee hakusema neno, kama alivyoahidi. Lakini nilipokuwa nashuka kinuni alinyoosha mkono akaushika mguu wa kamera usiyumbe.

Picha ya kwanza iliharibika. Mtoto aligeuza kichwa. Ya pili ilikuwa nzima. Niliichapa kwenye karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo dukani, nikaitazama ikitokea ndani ya dawa, nyuso zikija zote pamoja, hakuna iliyotangulia nyingine. Nilizihesabu mara tatu. Thelathini na sita na kitambaa kimoja.

Jumatatu tulifika ofisini saa mbili. Hatukuwa mimi na shangazi tu. Usiku wa kuamkia siku hiyo yeye alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, na wale wa mbali amewatumia salamu, na wote wakaja. Tuliingia ndani wawili. Shangazi akaiweka picha mezani, mimi nikaweka kile kioo cha kukuzia juu yake.

"Shikamoo" karani hakupewa; alikuwa mdogo kwa shangazi. Yeye ndiye aliyepaswa kuitoa, na shangazi alisimama akimngoja mpaka akaitoa.

"Marahaba," shangazi akasema. "Hesabu."

Akahesabu. Mwanzoni kwa haraka, kwa kidole. Kisha akachukua kioo, akainama. Niliona anapita polepole, akirudi nyuma, akisimama. Alimkuta anayemuuzia vitumbua. Alimkuta mama wa rafiki yake. Alipofika safu ya nyuma alikaa muda mrefu zaidi, na shingo yake ikaanza kuwa na jasho. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi. Akaweka kidole juu ya buibui.

"Huyu hana uso. Anaweza kuwa mtu yeyote."

"Toka nje ukamwulize," nilisema.

Sikuwa nimekusudia kusema. Ilinitoka. Karani akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona, kisha akainuka na picha na kioo mkononi, akaenda mlangoni. Nje, juani, mbele ya ofisi, wanawake walikuwa wamesimama katika safu tatu zile zile, kila mmoja mahali pake, wa chini wamekaa mavumbini na kanga zao nzuri. Palikuwa na nafasi moja tu wazi, ya shangazi, naye akashuka ngazi akaenda kuijaza.

Karani alishuka nyuma yake. Alitembea mbele ya safu akilinganisha, picha, mtu, picha, mtu. Watumishi wengine wa ofisi walitoka kutazama. Akafika kwa mwenye buibui.

"Wewe ni huyu?"

"Ni mimi," alijibu kutoka ndani ya kitambaa. "Tazama ushonaji. Hapa pembeni nilikishona mwenyewe kwa uzi wa bluu, mishono sita. Hesabu ya kwenye picha, uje uhesabu na hapa."

Akaweka kioo juu ya picha. Sote tulikuwa tunamtazama. Mishono ilikuwepo, sita, midogo kama chembe za mchele. Hakuja kuihesabu kitambaani. Alikirudisha kioo mkononi mwangu, taratibu, akisema picha ataipeleka kwa mkubwa wake.

Siwezi kusema tulishinda. Mkubwa wake aliiona picha, akasema kubaki barabarani haiwezekani, lakini hakusema tena kwamba watu ni kumi na mmoja. Wakaachwa pale mpaka mvua za masika zipite, kisha wakahamishwa kwenye kiwanja kingine karibu na njia ya reli, pasipo paa, penye tope jingi. Walihamishwa wote thelathini na saba, kwa majina, kila mmoja na nafasi yake. Shangazi alilalamikia tope lile mpaka mwisho wa maisha yake. Kibanda cha sokoni hakukijutia hata siku moja, au kama alikijutia hakunionyesha.

Mzee hakunisifu. Wiki ile yote alizungumza nami habari za rangi na dawa tu. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, akaja mezani kwangu, akajifanya anatafuta kitu.

"Ile ya Jumapili," alisema, "tundu ulilifunga hadi namba ngapi?"

Nilikuwa napaka hereni za mtu. Nikamaliza ile hereni kwanza.

"Nitakwambia Jumamosi," nilisema, "nikishika kamera."

"Jumamosi kuna wateja."

"Ndiyo maana nataka Jumamosi."

Alitoa pumzi ndefu kupitia puani, akarudi kwenye kiti chake. Hakukubali na hakukataa. Lakini Jumamosi asubuhi nilipofika nilikuta kitambaa cheusi kimefuliwa, kimekunjwa, kimewekwa juu ya meza yangu.

Wateja wa kwanza walikuwa familia ya mfanyabiashara, watu kumi na wanne, mama, wake, watoto, yaya na mpishi. Baba alivaa suti na tarbushi, akauvuta mbele kiti chenye mikono, hatua tatu kamili kutoka kwa wengine, akakaa na kukunja nne. Akaniona mimi, akamtafuta mzee kwa macho. Mzee akajifanya anasoma gazeti.

"Rudisha kiti nyuma, tafadhali," nilimwambia. "Kaa katikati yao, ulingane nao."

"Mimi ndiye mwenye picha," alisema.

"Wote ni wenye picha. Ukikaa hapo, nikikupata wewe nawapoteza wao."

"Si neno. Nipate mimi."

Mama yake, kizee aliyekuwa amewekwa pembeni kwenye kigoda, aliinua kichwa akanitazama. Nikatoka mbele, nikakichukua kigoda chake na yeye mwenyewe kwa mkono, nikamweka katikati. Kisha nikarudi nyuma ya kamera.

"Nitasubiri," nilisema.

Nikaingia chini ya kitambaa. Humo ndani kulikuwa na harufu ya sabuni. Kwenye kioo niliwaona wote wamening'inia vichwa chini, na mbele yao lile tarbushi limetoka peke yake, wingu jekundu lisilo na mwisho. Sikugusa kitu. Nilikuwa nimekunywa chai yangu, nimepumzika vizuri, na duka lilikuwa halifungwi mpaka saa kumi na moja jioni.